Injini ya Dizeli Imekufa: Utengeneze, Ubadilishe au Uliuze Gari?

Gari kuukuu la dizeli likizimika na kugoma kuwaka, wengi hukimbilia kuuliza bei ya injini nyingine. Anzeni kwa kutafuta kilichoiua ile ya kwanza, maana sababu hiyo isipoondolewa itaiua na ya pili.

Kabla ya kufungua chochote, mwaga oili kwenye beseni safi na uichuje kwa kitambaa cheupe. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji: gasketi ya hedi (kifuniko kikubwa cha juu ya silinda) imeungua, hedi ina ufa, au kipoza oili kinavuja. Ukiona vipande vinavyometameta, pitisha sumaku. Vinavyoshikwa ni chuma, mara nyingi vya ringi (pete za pistoni) au gia. Visivyoshikwa ni vya beringi au pistoni, na vikiwa vingi, usihesabu tena kuokoa sehemu ya chini ya injini kwa kazi ndogo.

Kisha toa plagi za joto na uzungushe krenki, yaani shafti kuu ya injini, taratibu kwa spana. Ikizunguka na kukwama pale pale kila mara, huenda valvu imegonga pistoni, jambo la kawaida mkanda wa taimingi ukikatika, kwa sababu pistoni ya dizeli hufika karibu kugusa hedi. Maji yakiruka kupitia tundu la plagi, silinda ilijaa maji na konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, inaweza kuwa imepinda. Pistoni yake haitapanda sawa na wenzake.

Injini ikizunguka vizuri, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwa geji ya dizeli, kwani ya petroli haifiki huko. Dizeli nyingi zenye afya husoma kati ya baa 25 na 35. Chini ya 20 injini imechoka, na tofauti ya zaidi ya baa 5 kati ya silinda moja na nyingine ni dalili mbaya. Ingiza hewa ya kompresa kwenye silinda, valvu zikiwa zimefungwa, usikilize: ikitokea ekzosi, valvu haifungi, ikitokea kwenye mfuniko wa oili, ringi zimekwisha, mapovu yakionekana kwenye rejeta, tatizo liko kwenye gasketi au hedi.

Sasa piga hesabu. Jumlisha vipuri, kazi, oili na kipozeo, ongeza robo kwa ajili ya yale yatakayojitokeza injini ikishafunguliwa, kisha linganisha na bei ya gari kama hilo linalotembea. Ikizidi nusu, tunashauri usiendelee, isipokuwa bodi, chasisi na gia boksi ni vizima kabisa.

1. Kutengeneza hedi peke yake

Hili ndilo chaguo bora mradi sehemu ya chini ni nzima: haikuwa ikigonga, na kuta za silinda bado zina ile mistari ya kupishana iliyochongwa kiwandani. Weka rula ya chuma juu ya hedi, pitisha geji ya majani (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Hedi nyingi haziruhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.1, na baadhi hata hiyo ni nyingi. Ipimwe pia ufa kwa shinikizo, hasa katikati ya valvu.

Kosa linaloharibu kazi hii ni gasketi. Gasketi za dizeli nyingi huja kwa unene tofauti, zikiwa na alama ya matundu au vikato pembeni. Unene huchaguliwa kwa kupima pistoni inatokeza kiasi gani juu ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Nyembamba mno, pistoni itagonga. Nene mno, kompresheni itashuka na gari litasumbua kuwaka asubuhi. Watengenezaji wengine wanakataza kabisa kukwangua hedi, kwa hiyo soma kitabu cha injini yako kabla ya kuipeleka mashineni. Boliti zinazokazwa kwa nyuzi (digrii za mzunguko) usizirudishe, nunua mpya.

2. Injini mtumba kamili

Bloku ikiharibika, hii ndiyo njia ya busara. Nunua yenye namba ya aina ile ile, ikiwa na pampu ya dizeli na nozeli zake (zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda), na udai kuisikia ikiwaka ikiwa baridi. Usiridhike na injini iliyooshwa ikang'aa. Pima kompresheni. Shika shafti ya turbo: kucheza kidogo kando kunavumilika, kwenda mbele na nyuma hakuvumiliki.

Kabla haijafungwa kwenye gari, badilisha mkanda wa taimingi na kikazio chake, pampu ya maji, themostati na sili ya nyuma ya krenki. Kipoza oili cha zamani kitupe, maana vyuma vya injini iliyokufa hujificha humo na kuja kukata beringi za hii mpya. Intakula (kipoza hewa ya turbo) isafishwe pia kama turbo ilivunjika.

3. Kuifufua injini yote

Tumeiweka nafasi ya tatu kwa sababu inahitaji fundi wa mashine mwenye vipimo vya kweli. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ikiwa imeliwa, huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa milimita 0.50. Krenki hukwanguliwa kwa hatua za 0.25 na kupewa beringi za saizi hiyo. Anayekuambia abadilishe ringi tu kwenye silinda iliyoliwa anakuuzia moshi wa buluu, yaani injini inayounguza oili.

4. Kuliuza lilivyo

Chasisi ikiwa imeoza, uza bila kuchelewa. Liuze kabla injini haijafunguliwa, kwa kuwa vipande kwenye ndoo hushusha bei sana.

Kwa njia yoyote ya kutengeneza, nozeli zipimwe kwenye benchi: zitoe ukungu, zisidondoshe tone. Nozeli inayodondosha hutoboa pistoni. Siku ya kuwasha, kata dizeli na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo utoe hewa kwenye mfumo wa mafuta na kuwasha. Injini iliyofufuliwa imwagwe oili baada ya kilomita 1,000, na uichuje tena kwa kitambaa kile kile cheupe.