Adapta ya Bomba la PVC na Mpira wa Bustani: Ilipasuka, Nikaambiwa Mikono Yangu Ndiyo Mibovu

Muuzaji aliyeniuzia adapta hii aliishika mbele ya wateja wengine, akaigeuza mara moja bila kuitazama sawasawa, kisha akaniambia: "Kifaa hakina kasoro, mikono yako ndiyo mibovu." Majuma kadhaa yamepita na hasira haijanitoka, kwa sababu sasa nina hakika kwamba maneno yale hayakuwa ya kweli.

Nilichohitaji kilikuwa kidogo. Nilikuwa na bomba la PVC lililotokeza karibu na matuta ya miche, nami nilitaka kufunga mpira wa kumwagilia kwenye ncha yake. Nilikwenda dukani nikiwa na ncha ya mpira wenyewe mkononi, yenye pete ya shaba inayozunguka, nikauliza waziwazi kama hesi zake, yaani mikato ya mzunguko ya kufungia, au thredi kama mafundi wengi wanavyoziita, zitakubaliana na za adapta. Muuzaji hakuipokea hata kuijaribu. Alisema vyote ni inchi 3/4, kwa hiyo nikaze tu, itaingia.

Nilipokwisha kuigundisha adapta kwenye bomba, pete ya mpira iliingia mizunguko miwili, ikagoma. Nilipofungua koki maji yalichuruzika kidogo, na kwa kuwa kinyunyizio cha mwisho wa mpira kilikuwa wazi, nilidhani hali ingevumilika. Jioni nilifunga kinyunyizio, nikaiacha koki wazi, nikaingia ndani. Sikujua kwamba kinyunyizio kikifungwa, kiungo hubeba msukumo wote wa maji badala ya sehemu yake tu. Pete ilichomoka usiku, na asubuhi nilikuta tuta zima limechimbwa na maji, miche niliyoilea kwa uangalifu ikiwa imelala kwenye tope.

Nilimpigia simu muuzaji yule yule, naye akaniagiza nizungushe tepe nyeupe ya kutosha, kisha nikaze kwa spana. Nilimtii. Katika mzunguko wa tatu shingo ya adapta ilipasuka, na hapo ndipo hasara ilipokua, kwa maana gundi ya PVC haibandiki tu kama gundi ya karatasi, bali huyeyusha nyuso mbili za plastiki zikawa kitu kimoja. Adapta iliyogundishwa haing'olewi. Ilinibidi nilikate bomba kwa msumeno, bomba ambalo halikuwa na kosa lolote, ndipo nikarudi dukani na kipande kilichovunjika na kuambiwa hayo niliyoyaeleza mwanzoni.

Nyumbani nililaza rula juu ya hesi nikazihesabu mwenyewe. Za adapta zilikuwa 14 katika inchi moja. Za mpira hazikufika 12, na baadaye nilielewa sababu: mipira ya bustani ya kipimo cha Marekani huwa na hesi 11.5 kwa inchi, ilhali hesi za bomba za inchi 3/4, ziwe za NPT (kipimo cha Marekani cha mabomba) au za BSP (kipimo cha Uingereza), ni 14. Hesi za NPT, kama zilivyokuwa za adapta yangu, huzidi kuwa nyembamba kuelekea nchani na huzuia maji kwa kubanana zenyewe kwa msaada wa tepe, lakini za mpira zimenyooka, na kinachozuia maji ni washa ya mpira iliyomo ndani ya pete. Kwa hiyo tepe yangu yote haikuwa na kazi pale, na kila nguvu niliyoongeza kwa spana ilikuwa ikiilazimisha shaba iitafune plastiki. Mikono yangu ilifanya ilichoagizwa.

Nilikuwa nimekata shauri kuandika kwamba adapta za mtengenezaji huyu zisinunuliwe kabisa. Hata hivyo, haki inanilazimu niseme kwamba nilipata kwingine adapta yake ya aina ya pili, yenye upande mmoja wa kugundisha kwenye PVC na upande wa pili wenye hesi za mpira wa bustani. Niliifunga kwa mkono mtupu, bila tepe, baada ya kuweka washa mpya, na tangu siku hiyo sijaona tone, hata kinyunyizio kikiwa kimefungwa usiku kucha. Plastiki yake ni nene na imenyooka vizuri. Ni kifaa kizuri, nami ningempa hata ndugu yangu.

Lakini mfuko wa ile ya kwanza bado uko mezani kwangu, na umeandikwa "inchi 3/4" peke yake, bila neno lolote kuhusu aina ya hesi, kana kwamba kipimo hicho kinamtosha mtu anayesimama dukani bila rula. Nilikusudia kutoa nyota moja, adapta ya pili ikanifanya nifikirie nne, na sasa ninapoutazama mfuko huu nimerudi kwenye mbili. Kwa muuzaji sidai kurudishiwa pesa. Ninataka aishike ile iliyopasuka pamoja na ncha ya mpira wangu, ahesabu hesi za zote mbili, na aniambie mbele ya wateja kwamba alikosea.