Joey Alexander: anza na Eclipse, Giant Steps itakungoja

Albamu iliyomtangaza Joey Alexander, mpiga piano wa jazi kutoka Indonesia, ni My Favorite Things ya mwaka 2015, lakini kama bando lako linatosha albamu moja tu, shusha Eclipse ya 2018. Najua wapenzi wake watanijia juu. Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani, nafundisha na watoto, na albamu hizi mbili nimezipiga nyumbani mpaka jirani anazijua. Ile ya kwanza naipenda. Tatizo langu ni kwamba watu wengi wanaipenda kwa ajili ya umri wa mpigaji.

Kuna video zake akipiga Giant Steps, wimbo mgumu wa jazi, angali mtoto, nazo hazikauki kwenye magrupu ya wapiga vyombo. Mama mmoja, ambaye mwanawe namfundisha, alinitumia mojawapo: "Mwalimu, wangu atafika lini hapa?" Nikamjibu, "Mama, tumalize kwanza skeli ya G." Kijana wake ana miaka 11, umri uleule wa Joey alipoingia studio kurekodi My Favorite Things.

Joey, kwa jina kamili Josiah Alexander Sila, alizaliwa Denpasar, kisiwani Bali, Indonesia, mwezi Juni 2003. Baba yake hakuwa mwanamuziki wa kulipwa, ila alikuwa na rekodi za jazi nyumbani, na alimpa mtoto kinanda kidogo cha umeme. Akiwa na miaka sita, Joey akaunasa kwa sikio wimbo wa Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi wa Marekani, uitwao Well, You Needn't. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana nyimbo za Monk zimejaa kona ambazo hata mwenye noti mbele yake hupotea. Akiwa na miaka minane alimpigia mpiga piano mkongwe Herbie Hancock mjini Jakarta. Mwaka 2013 akanyakua tuzo kuu ya shindano la jazi la Master-Jam Fest huko Odessa, Ukraine, akiwa na miaka tisa. Mpiga tarumbeta Wynton Marsalis alimwona YouTube, akamwalika New York, na Mei 2014 kijana akapanda jukwaani kwenye hafla ya Jazz at Lincoln Center, taasisi ya jazi ya huko, yeye na piano tu. Mwaka huohuo familia ikahamia New York. Albamu ya kwanza ikampa nafasi mbili za kuwania Grammy za 2016. Hakushinda hata moja, na sioni kama alionewa.

Nieleze kwa nini. Giant Steps ya mpiga saksofoni John Coltrane, iliyomo kwenye albamu hiyo, ni mtihani mgumu: kodi 26 (yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja) ndani ya vipimo 16, zinaruka kati ya funguo tatu zilizo mbalimbali, tena kwa mwendo wa mbio. Tommy Flanagan, bingwa mtu mzima aliyempigia Coltrane piano studio mwaka 1959, anasikika waziwazi kwenye rekodi ile akibabaika, solo inakatikakatika, mwisho anaegemea kodi tu. Joey anazikata kona zile kama bodaboda aliyezaliwa mtaa huohuo. Inashangaza kweli. Ila sikiliza tena, kisha tena: mkono wa kulia hauna pumziko. Kila penye nafasi anatia kitu, kama vile anaogopa tutaondoka. Kwa mtoto wa miaka 11 namsamehe mara moja, lakini masikio yangu yanachoka.

Wimbo wa kusikiliza kwenye My Favorite Things ni wa pili, Lush Life. Watu husema mtoto hawezi kupiga wimbo ule, kwa kuwa unamhusu mtu aliyechoshwa na mapenzi na anayemalizia siku zake baa. Wanasahau kwamba mtunzi wake, Billy Strayhorn, alianza kuuandika angali kijana mdogo wa miaka ya 1930, hata baa hajazijua vizuri. Joey anaupiga taratibu, anaacha kodi ife kabla ya kuleta nyingine. Ma Blues, aliyoitunga mwenyewe, nayo inachekesha na inatembea vizuri. Tour de Force ningeiruka.

Ukitarajia magitaa ya Western Jazz au Morogoro Jazz, humu hutayapata. Hii ni piano, besi kubwa ya kusimama na dramu, wageni mmojammoja.

Albamu ya Countdown ya 2016 ina Chris Potter na saksofoni yake kwenye wimbo wa Maiden Voyage, na hapo tu ndipo ninaporudia. Joey.Monk.Live! ya 2017, yenye nyimbo za Monk, mwaka Monk angetimiza miaka 100, ni hatua kubwa zaidi: nadhani Monk ndiye aliyemfundisha kunyamaza.

Halafu ndiyo Eclipse. Ilirekodiwa Agosti 2017, siku zile jua lilipopatwa huko Marekani. Reuben Rogers yupo kwenye besi, Eric Harland kwenye dramu, na Joshua Redman anaingia na saksofoni kwenye baadhi ya nyimbo. Harland ndiye anayeibadilisha albamu nzima. Hampigii mtoto wa ajabu. Anamsukuma, anamkatiza, na Joey inabidi amsikilize. Kuna pia Draw Me Nearer, tenzi ya Fanny Crosby ambayo sisi tunaijua kama "Ni wako Wewe". Sisi wapiga vinanda wa kanisani tuna ugonjwa mmoja: waimbaji wakivuta pumzi tu, tumeshajaza mbwembwe. Joey, aliyeanza na ugonjwa huohuo, hapa anauacha wimbo uende wenyewe. Jumapili iliyofuata nilijaribu kupiga hivyo, na kiongozi wa kwaya akanigeukia akidhani umeme umekatika.

Lawama yangu kwa Eclipse ni urefu. Ni albamu ndefu, na ukiisikiliza ukiwa umechoka, katikati utapotea.

Origin ya 2022, akiwa amefika miaka 18, ina nyimbo zake mwenyewe tupu, na anagusa pia kinanda cha Fender Rhodes. Larry Grenadier, aliyempigia besi kwenye albamu ya kwanza, yumo. Wanaopenda jazi ya kuendea safari watazame hiyo, kisha Continuance ya 2023 yenye tarumbeta ya Theo Croker.

Usisikilize chochote kati ya hivi kwa spika ya simu. Besi inamezwa yote, na bila besi utadhani piano inazungumza peke yake. Vaa visikilizi, hata vile vya bei ya machinga, na zima ile sehemu ya kuchanganya nyimbo. Yule mama nimeshamtumia Draw Me Nearer. Ameuliza kama ninayo video.