Gesti ya machimboni: walininyang'anya ndoo saa tano usiku

Nianze na ndoo, maana ndiyo iliyoniuma.

Juzijuzi nilipeleka mikanda ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kwenye kijiji kimoja cha wachimbaji wadogo, ukishapita Geita, upande wa Nyarugusu. Njia ya Mwanza kwenda Geita siku hizi haina maneno. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, zile kilomita 3 za maji unazimaliza karanga zikiwa bado mkononi, wakati zamani ungekuwa kwenye foleni ya pantoni unapigwa jua. Kero inaanza ukiacha barabara kuu.

Nikafika saa moja usiku, vumbi mpaka kwenye kope. Dada wa gesti akapokea elfu kumi yangu, akanipa kufuli, mshumaa na ndoo ya maji. Nikajua tumemalizana.

Saa tano, ngo ngo ngo!

"Kaka, ongeza kumi, au nikuletee mwenzio mlale wawili."

Kisa?

"Duara limetema huko juu, watu wanakuja. Bei ya saa moja siyo bei ya saa tano." (Yaani shimo la wachimbaji limetoa dhahabu.)

Jamani! Nimeshalipa, viatu nimevua, nauziwa chumba mara ya pili nikiwa kitandani? Nikagoma. Hakubishana hata kidogo. Akainama, akabeba ndoo yangu, akasema maji hayakuwemo kwenye ile kumi. Akaondoka. Nikalala na vumbi langu kama gunia la mchanga linalosubiri kuoshwa.

Haya, kwa haki yake: maji kule yanakuja kwa madumu kwenye baiskeli, na mialo nayo inayataka. (Sisi wa ziwani mwalo ni pa samaki, kule mwalo ni pa kuoshea mchanga wa dhahabu.) Na vijiji vile ndivyo vilivyo. Wajerumani walianza kuinusa dhahabu ya Geita miaka ya 1890, mgodi wa zamani ukafungwa 1966, ila watu wa kukimbilia neno "limetema" hawajaisha. Bei inapanda na habari. Sawa, ipande. Lakini ndoo?

Asubuhi nikatoka nimenuna. Nikamkuta mlangoni: "Mwangaluka, kaka." Maji ya moto, chai, na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Hakuomba radhi wala hakutaja hela. Matobolwa yale sijayala tangu bibi yangu wa Magu afariki. Nikasema basi, nimemsamehe, nitawasifia.

Nafungua geti niondoke: "Kaka, mia tano ya ndoo."

Msilale pale. Au laleni, maana shuka zilikuwa safi na hakuna aliyegusa mzigo wangu usiku kucha na kijiji kizima kikiwa macho. Mimi mwezi ujao nina mikanda mingine ya kupeleka, na sina pengine pa kulala. Ndoo nimeshanunua Buhongwa, ya lita 20, yenye kifuniko.