Anayesusa kura na anayemlilia Moi

Kwenye mitaa ya Nairobi yenye mageti na jenereta, kina Runda na Karen, wapo vijana wa aina mbili. Wa kwanza hapigi kura. Wote ni wezi, anasema, na siku ya uchaguzi yuko ufukweni Diani. Anaweza kususa: maji ni ya kisima cha kwao, shule ni ya kulipia, ulinzi ni wa kampuni. Mwaka 2022 waliojiandikisha walizidi milioni 22, na wenye miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 yao.

Wa pili siasa anazitaka, ila za kurudi nyuma. Anamtamani Moi, rais aliyeondoka Ikulu 2002 kijana huyu akiwa kwenye nepi, kama alikuwa amezaliwa. Anataja nidhamu na maziwa ya bure ya Nyayo shuleni. Maziwa yalikuwepo, kweli. Vilikuwepo pia vyumba vya mateso chini ya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, na kura ya mlolongo ya 1988, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, ambapo mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi. Halafu kashfa ya Goldenberg, iliyokomba mabilioni ya umma. Nidhamu gani hiyo?

Mimi ningemchukua wa kwanza. Ususaji wake unatibika: Juni 2024 Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, uliwatoa barabarani kuandamana hata vijana wa tabaka la kati waliodhaniwa hawajali. Wa pili ni kazi ngumu zaidi, maana anatamani asichokiishi, na baadhi ya wazazi waliopaswa kumsimulia ndio walionufaika na enzi hiyo.