Uzoefu wangu: ESP32 kwenye tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika, hapa Dar es Salaam

Tangi langu ni la lita 240, lipo sebuleni, na samaki wake wote asili yao ni Ziwa Tanganyika: Cyprichromis wanaoogelea juu, Julidochromis kwenye mawe, na wale wadogo, Lamprologus ocellatus, wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Nimelitengenezea mfumo wa kujiendesha kwa mkono wangu, unaoongozwa na bodi ndogo ya kielektroniki iitwayo ESP32, na naandika haya kwa ajili ya mfugaji wa pwani, kwa sababu miongozo mingi inayosomwa mtandaoni imeandikwa na watu wa nchi za baridi.

Wao huanza na hita. Sisi hita haina kazi. Mwezi wa pili, maji ya tangi lisilopozwa hufika nyuzi 31 sebuleni kwangu, na samaki hawa wanataka 24 hadi 27. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo: kwa nyuzi 25 ni kama miligramu 8.3 kwa lita, kwa nyuzi 30 ni kama 7.5. Juu ya hapo, maji ya Tanganyika ni ya alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inakaribia 9. Kwenye pH 7 sehemu ya amonia (uchafu wa samaki unaoondolewa na bakteria wa filta) iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita asilimia 30. Kwa hiyo filta ikisimama, samaki wangu wana muda mfupi kuliko wa jirani anayefuga samaki aina ya gapi kwenye maji ya kawaida. Mfumo wowote nitakaousifu hapa nimeupima kwa swali moja: ukifa wenyewe, samaki wanabaki salama?

Ubongo ni bodi ya ESP32, chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyoingia sokoni mwaka 2016. Mtandaoni huuzwa kwa takriban dola 5 na ina waifai ndani yake, wakati vidhibiti vya akwariamu vya dukani hugharimu mamia ya dola. Naiendesha kwa programu ya ESPHome, ambayo haikudai nijue kuandika programu za kompyuta. Unaandika mistari michache ya maelezo: pini hii ina sensa (kipimio), pini ile ina rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), joto likipita hapa washa feni. Maamuzi yote yanafanyika ndani ya bodi. Picha na grafu naziona kwenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, iliyo kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hapo hapo nyumbani, kwa hiyo bando likiisha feni haijui. Kinachokosekana ni ujumbe wa simu tu nikiwa nje.

Sensa ya joto ni DS18B20 ile yenye kichwa cha chuma na waya usioingiza maji. Naisifu bila kusita. Kosa lake halizidi nusu nyuzi, na kila moja ina namba yake ya kuzaliwa, hivyo unaweza kuziunganisha kadhaa kwenye waya mmoja wa data pamoja na rezista moja ya kilo-omu 4.7. Ina tabia moja ya kuijua mapema. Ikipata umeme na kusomwa kabla haijapima, hujibu nyuzi 85. Weka kwenye ESPHome mstari wa kutupa jibu lolote la 85, vinginevyo simu italia usiku bila sababu. Na kwa kuwa za bandia zimejaa sokoni, jaribu kila moja kabla ya kuitumbukiza: ponda barafu, tia maji kidogo, koroga, subiri. Isiposoma karibu na sifuri, irudishe dukani.

Kupoza nafanya kwa feni mbili za kompyuta za volti 12, zinazopuliza juu ya uso wa maji. Zinawaka joto likifika 27 na kuzimika likishuka hadi 26.5. Nyakati za joto kali huwaka karibu mchana kutwa, na hushusha nyuzi mbili hivi. Masika, hewa ikijaa unyevu, hushusha pungufu, maana kinachopoza ni mvuke unaoondoka. Maji yanayoondoka lazima yarudi, kwa hiyo kuna boya la swichi na pampu ndogo inayovuta kutoka kwenye ndoo ya lita 10 ya maji yaliyokwisha kutolewa klorini. Ndoo ni ndogo kwa makusudi. Boya likikwama, kitakachoingia tangini ni lita 10 basi, na sebule haifuriki.

Sasa rilei, na hapa ndipo ningeomba usome taratibu. Bodi ya rilei ina matundu ya skrubu yaliyoandikwa COM (la pamoja), NO (kawaida limekatika) na NC (kawaida limeungana). Taa, feni na pampu ya ndoo zipite NO, yaani bila amri zimezimwa. Filta ipite NC, yaani bila amri inafanya kazi. ESP32 ikiungua, ikikwama, au mtoto akichomoa waya wake, filta inaendelea kuzunguka. Pia epuka kuweka rilei kwenye pini 0, 2, 12 na 15. Hizo chipu huzisoma inapowaka ili iamue ianze vipi. Waya wa kila kifaa ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni, na laini nzima iwe nyuma ya kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachokata umeme unapovuja. Kama hujawahi kushika umeme wa ukutani, mwite fundi kwa sehemu hiyo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote hakina programu hata mstari mmoja. Ni rilei ya pekee yake ambayo koili yake (waya wa sumaku unaovuta swichi) inalishwa na adapta ya ukutani. Kwenye NC yake nimeunganisha betri ya volti 12 ya ampia-saa 7, ya aina inayotumika kwenye king'ora cha nyumba, na pampu ya hewa ya wati 5. Umeme ukiwepo, koili inavuta na pampu ya hewa imelala. Umeme ukikatika, koili inaachia, na mapovu yanaanza papo hapo. Inanipitisha usiku mzima. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu, jenga hiki na uache mengine yote.

ESP32 nayo inakula kwenye betri hiyo hiyo, na ina kazi moja ya maana wakati wa giza: kuhesabu muda. Filta ya kopo iliyosimama saa kadhaa hukosa oksijeni, bakteria wake huanza kufa, na umeme ukirudi hutapika maji machafu tangini. Umeme ukikosekana zaidi ya saa mbili, bodi inaifungia filta kabla umeme haujarudi. Haiwaki tena mpaka niifungue, nisuuze sponji kwa maji ya tangi na kubonyeza kitufe. Nikiwa safarini, ndugu yangu anayebaki nyumbani anajua kitufe hicho na ndoo ya kusuuzia.

Kitu kimoja nilikikataa ni sensa ya pH ya kukaa ndani ya maji muda wote. Zinataka kurekebishwa mara kwa mara kwa vimiminika vya pH 7 na 10, huanza kusema uongo polepole, na kioo chake huchakaa hata usipokigusa. Maji yenye madini mengi kama haya hayabadiliki pH ghafla, kwa hiyo matone ya kupimia, mara moja kwa wiki, yananitosha kabisa. Hela ya sensa hiyo nilinunulia betri ya pili.