TAHADHARI BUKAVU: "dokta" wa dawa za kucha mwenye plakete za vidonge zilizokatwa mkasi

Ndugu zangu wa Bukavu, na zaidi akina mama wenzangu wa sokoni: kama umenunua vidonge vyeupe vya mikozi, yaani ukungu wa kucha na ngozi, kwa yule bwana wa koti jeupe na begi jeusi, usimeze kingine kabla hujamaliza kusoma hapa. Nimemwona kwanza Kadutu, halafu Nyawera, na jirani yangu anasema sasa anapita upande wa Essence.

Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Anayeijua kazi hii anajua maisha yake: alfajiri uko kando ya ziwa, miguu ndani ya buti za mpira, maji yameshaingia, na jioni bado hujazivua. Kucha za vidole gumba vya miguu ziligeuka njano, zikawa nene, zikaanza kumeguka kama ganda la mkate mkavu. Haziumi. Ni aibu tu. Kanisani navaa viatu vya kufunika hata jua likiwaka. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilizificha kucha zangu miezi minane.

Huyu bwana alikuja mchana, saa zile wateja wamepungua na mtu anakaa kwenye kibao chake anapepea nzi. Anaongea vizuri, anakuita "mama" kila baada ya maneno matatu. Kwenye simu ana picha za kucha mbaya na kucha nzuri, eti ni za mtu mmoja, kabla ya dawa na baada ya mwezi. Hakuuliza kama nina mimba. Hakuuliza kama ninakunywa dawa nyingine, wala kama niliwahi kuumwa homa ya ini. Aliinama, akaangalia kidole, akasema, "Mikozi. Hii inaisha."

Alinipa vidonge 60 ndani ya kamfuko ka plastiki, viwili kwa siku, asubuhi na jioni, na nikitoka hapo nirudi kuchukua vingine mpaka miezi mitatu itimie. Vyote nililipa mbele, kwa simu, bila karatasi yoyote. Nilimwuliza bwate iko wapi, lile boksi la dawa, na ile notisi ya maelezo inayokuwa ndani yake. Akacheka: "Mama, notisi ni ya kutisha watu."

Wiki tatu za kwanza sikuona kitu. Wiki ya nne chakula kikanikataa. Harufu ya sambaza, mimi niliyekaa nayo miaka kumi na miwili, ikawa inanitapisha. Nikasema ni malaria, nikapima, hakuna. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, nikasema sinywi maji ya kutosha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu. Ni yaya yangu, dada yangu mkubwa, aliyeshuka kutoka Bagira siku ya Jumapili ndiye aliyenisimamisha mlangoni penye mwanga, akanivuta kope na kuniuliza, "Wewe, macho yako tangu lini yako hivi?"

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliniuliza ninakunywa dawa gani. Nikajibu hakuna. Na sikusema uongo, kwa kichwa changu dawa ilikuwa ya malaria, ya presha, ya tumbo. Hizi zilikuwa "za kucha tu". Yaya ndiye aliyenipiga kiwiko. Tukaleta kamfuko, muuguzi akamwaga vipande mezani akaanza kuvipanga kama mtu anayeunganisha noti iliyochanika. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa sijakiona kwa wiki nne: plakete zote zilikatwa kwa mkasi, kidonge kimoja kimoja, na ukingo ule wanapogonga tarehe ya kuisha na namba ya toleo uliondolewa kwenye kila moja. Kwenye kipande kimoja zilibaki herufi KETOC. Kwenye kingine, 200.

Ketokonazoli, miligramu 200. Mimi nilikuwa nameza 400 kila siku kwa ajili ya kucha mbili.

Damu ilipotoka labo, vipimo vya ini vilikuwa vimepanda mara nyingi kupita kawaida. Nilisimamisha vidonge siku hiyo hiyo. Macho yalichukua wiki kadhaa kurudi meupe, na kila wiki nilikuwa narudi kutolewa damu. Hesabu ya pesa hiyo siiandiki hapa, itaniudhi tena.

Sasa, msije mkasema ni dawa bandia. Ingekuwa chaki ningepoteza pesa tu. Hii ni dawa ya kweli, na ndiyo hatari yake. Mwezi wa saba mwaka 2013 shirika linalosimamia dawa Ulaya lilitaka vidonge vya ketokonazoli vya kutibu ukungu viondolewe sokoni, kwa sababu ya kuumiza ini. Mwezi huo huo Marekani wakasema vidonge hivyo visiwe chaguo la kwanza kwa ugonjwa wowote wa ukungu, na kwa ngozi na kucha visitumike kabisa. Mwaka 2016 wakarudia onyo hilo baada ya mgonjwa kufa, naye alikuwa ameandikiwa kwa ajili ya kucha. Soma tena: kucha. Ini linaweza kuharibika hata kwa mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wowote wa ini. Krimu na shampuu ya ketokonazoli ni habari nyingine, zile hazipenyi sana kwenda kwenye damu, usizitupe kwa sababu yangu.

Kilichonikasirisha zaidi ya macho yangu ni kwamba mfuko ni ule ule kwa kila mtu. Jirani yangu alipewa nusu nusu za mtoto wake mwenye mashilingi kichwani, yale mabaka ya duara ya ukungu. Mtoto wa mashilingi ya kichwa ni kweli anahitaji dawa ya kumeza, kwa sababu ya kupaka haifiki kwenye shina la nywele, lakini dawa inayojulikana kwa hilo ni griseofulvini, inapimwa kwa kilo za mtoto, inamezwa pamoja na chakula chenye mafuta na inaenda wiki sita hadi nane au zaidi. Binti mmoja wa duka la vitenge alipewa vidonge 20 kwa ajili ya shampinyo, ukungu wa ukeni. Kwa shampinyo ya kawaida mara nyingi inatosha flukonazoli moja tu ya miligramu 150, au dawa ya kuweka ukeni, na mwenye mimba anaelekezwa kwenye hiyo ya kuweka, asimeze bila daktari. Na mzee mmoja anayekunywa amlodipini ya presha, miguu ikamvimba hadi viatu vikakataa. Muuguzi alinieleza kwamba ketokonazoli inaziba ile njia ambayo ini linatumia kuvunja dawa nyingine, kwa hiyo ile ya presha inajaa mwilini kana kwamba umeongeza dozi. Mzee hakuambiwa. Hakuulizwa hata anakunywa nini.

Anauza pia kikopo cha krimu nyeupe isiyo na jina. Siwezi kuapa ni nini, lakini watu wanasema muwasho unaisha siku ya pili, na mimi naishuku kuwa na kotizoni kali kama klobetasoli, ile ile ya kujichubua. Inatuliza muwasho na wekundu huku ukungu unaendelea kutanuka chini kwa raha zake. Ukiacha kupaka, unakuta duara limekuwa kubwa mara mbili.

Na hizo picha zake za mwezi mmoja: kucha ya kidole gumba cha mguu inachukua mwaka, wakati mwingine mwaka na nusu, kujibadilisha yote. Hakuna kidonge kinachoiharakisha. Dawa ya kumeza ambayo madaktari wanaitanguliza kwa kucha ni terbinafini, miligramu 250 mara moja kwa siku, wiki sita kwa kucha za mikono na wiki kumi na mbili kwa za miguu. Nayo ina mambo yake: kabla ya kuanza wanapima ini, na kuna wanaopoteza ladha ya chakula kwa muda. Tena kabla ya yote wanakwangua kucha kidogo na kuiangalia kwa hadubini, maana si kila kucha nene ni ukungu. Nyingine ni buti tu imekubana miaka.

Nilimrudia, ndiyo. Nilimkuta anapanga biashara yake kwenye kitambaa. Alisema ini langu lilikuwa bovu kabla hajanijua. Nikaomba pesa ya miezi miwili iliyobaki, akasema ataongea na "bosi". Kesho yake namba yake haipatikani.

Kama umeshameza: acha leo, usimalizie eti kwa sababu umelipa. Vipande vya plakete usivitupe, nenda navyo kituo cha afya na useme jina lenyewe, ketokonazoli, uombe kipimo cha ini. Ukiona macho ya njano, mkojo mweusi, choo cheupe, kichefuchefu kisichoisha au maumivu chini ya mbavu za kulia, usingoje Jumatatu. Pombe weka pembeni, hata Primus moja. Wala usinywe majani machungu ya "kusafisha ini", ini lililochoka haliongezewi mzigo. Na popote unaponunua vidonge, famasi au mezani, bwate iwepo, tarehe isomeke, plakete iwe nzima. Ikibidi akukatie, mwambie akuachie upande wenye tarehe.

Vipande vyangu ninavyo bado, kwenye kopo la sukari. Anayetaka kulinganisha na vyake aje mezani kwangu Kadutu, asubuhi, kabla sambaza hazijaisha.