Mtoto wa zamu Kigoma: dada wa kazi au tuisheni?

Shule zilipofungwa Machi 2020 hadi Juni 29, kila mzazi mwenye kazi aliionja shida hii. Penye wanafunzi wengi kuliko vyumba bado ipo: mtoto wa zamu ya asubuhi anatoka saa sita, wewe unafunga duka Mwanga saa kumi na moja. Hapo katikati anashinda na nani?

Kwa gharama, tuisheni ya mtaani hulipwa kwa siku au wiki, usipompeleka, hulipi. Dada ni mshahara wa mwezi, chakula, malazi na matibabu, ila anapika na kufua pia. Ukiwa na watoto watatu, dada ndiye nafuu.

Uhakika ndio unaoumiza kichwa. Dada anaaga Jumapili kwenda msibani Kasulu, Jumatatu simu haipatikani. Tuisheni nayo, mvua ikipiga bati hakuna anayemsikia mwalimu, na watoto wanaruhusiwa mapema bila wewe kujua. Muulize mwalimu mapema: siku kama hiyo nani anabaki nao?

Kwenye masomo tuisheni inashinda, kwa kiasi. Fungua daftari: vema tupu, kazi zote zimenakiliwa kutoka ubaoni? Basi unalipia ulinzi tu. (Nao si haba.)

Wa darasa la kwanza anahitaji ugali wa moto na usingizi, mwachie dada. Wa la nne au la saba ana mtihani wa taifa, tuisheni inamfaa. Muuguzi wa zamu za usiku atamhitaji dada kwa vyovyote.